Kebo imefaulu kipimo cha DC, siku ya nne ikalipuka

Fundi_Likoni: Wakuu, salaam. Tulikuwa na kebo ya 11 kV, ya plastiki ya XLPE, imekaa ardhini miaka ishirini na kitu, kwenye udongo wa maji ya chumvi. Tukafanya jointi moja, msimamizi akaagiza tuipime kwa DC (umeme wa upande mmoja), kV 25 dakika 15. Ikapita vizuri. Tukaiweka athi, yaani tukaiunganisha na ardhi chaji itoke, dakika mbili, tukatoa, tukaenda chai. Kurudi nashika kondakta, ikanipiga shoti ya kunirusha! Mkono ulikufa ganzi hadi jioni. Siku ya nne baada ya kuwasha, kebo ikapasuka mita sitini hivi kutoka kwenye jointi yetu. Bosi analaumu jointi, na jointi nzima kabisa. Ile chaji ilitoka wapi?

Mzee wa Karatasi: Pole kijana, shukuru Mungu. Sisi tumekulia kebo za karatasi na mafuta. Kwenye zile chaji haikai sana, inavuja yenyewe upesi zaidi. XLPE ilipokuja tukaichukulia vilevile, ikatuponza. Siku hizi nikiona mashine ya DC inaletwa kwenye kebo kuukuu ya plastiki, nasogea mbali.

Polima_Dar: Fundi, chaji ilikuwa imejificha ndani ya plastiki. XLPE ni polithini ya LDPE ambayo minyororo yake imeunganishwa kwa peroksaidi. Minyororo hiyo haikukaa namna moja. Pengine imejikunja ikapangana kama khanga dukani. Hizo ni fuwele, unene wake nanomita kumi hivi. Baina yake ni vurugu tupu, kama nyuzi za makumbi. Kwenye LDPE fuwele ni kama nusu tu. DC inasukuma elektroni upande mmoja bila kupumzika. Zinapenya kwenye makumbi, zikifika mpakani mwa khanga zinanasa. Mitego mingine ni oksijeni iliyoingia plastiki ikizeeka, na mabaki ya peroksaidi kama asetofenoni. Mtego wa kina unashika chaji saa nyingi, hata siku. AC, umeme wa kwenda na kurudi, ya 50 Hz inageuka mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo chaji haipati nafasi ya kujikusanya hivyo.

Athi yako ya dakika mbili ilisafisha kondakta tu. Ya ndani ikarudi taratibu mkiwa kwenye chai.

Halafu kebo ya miaka hiyo, penye maji, huwa imeota miti ya maji, yaani vijinjia vya unyevu vinavyotawanyika kama matawi ndani ya plastiki. Chaji inajazana humo. Ukiwasha AC, nguvu yake inajumlishwa na ya chaji iliyonasa, na mti wa umeme, yaani njia ya kuungua yenye matawi, unaanzia hapo. Kata insulesheni (ile plastiki inayozunguka kondakta) karibu na mpasuko, vipande vyembamba kama kucha, loweka kwenye rangi ya methilini bluu, miti ionekane.

Fundi_Likoni: Nimekata. Kipande cha tatu kina kichaka cha bluu kama mwani, kimeanzia kwenye kondakta kikavuka nusu ya insulesheni, nayo yote ni milimita 3.4! Nimekifunga kwenye karatasi, kesho kiko mezani kwa bosi. Sasa nipime na nini?

Polima_Dar: VLF, yaani AC ya masafa ya chini sana, 0.1 Hz. Inageuka kila sekunde tano. Kebo mpya ya 11 kV hupewa kV 19 hivi. Kuukuu kama yako, shusha.

Mzee wa Karatasi: Na athi iache usiku kucha. Chai utakunywa kesho.