Mota zote tatu za stepa hazizunguki, ila programu inahesabu kama kawaida

Mchongambao
Wakuu, naomba msaada. CNC ndogo ya kuchonga mbao (mashine inayoongozwa na kompyuta): Arduino Uno yenye GRBL 1.1 (programu inayotuma amri za mwendo), CNC Shield V3 (bodi ya kuchomekea draiva na mota), draiva tatu za A4988 (vibodi vinavyopeleka umeme kwenye mota), mota za stepa za NEMA 17 za ampea 1.5. Nikisogeza mhimili wa X milimita 10, namba kwenye skrini inafika 10.000 bila alamu, lakini mota haingurumi wala haitikisiki. Y na Z vilevile. Shafti nazizungusha kwa vidole kirahisi kabisa. Umeme unaoingia kwenye Shield ni volti 12.1.

FundiVolti
Namba zikitembea bila alamu, GRBL imeshatuma amri. Achana na programu. Shafti kuwa laini maana yake koili hazipati umeme: ama draiva zimezimwa, ama mkondo umewekwa chini mno.

Anza na mpangilio wa GRBL wa $1=255, ili draiva zibaki zimewashwa. Ikiwa 25, draiva zinazimwa milisekunde 25 baada ya mwendo kuisha, na ukipima wakati huo kipimo kitakudanganya. Sogeza kidogo, kisha pima volti ya pini ya EN, ile ya kuwasha draiva (D8 ya Arduino), dhidi ya GND (ardhi). Inatakiwa iwe karibu na 0, kwa sababu A4988 hufanya kazi pini hiyo ikiwa chini. Ukikuta 5, hakikisha $4, inayogeuza EN, ni 0.

Kilenge_CNC
Naongezea. Zima umeme, chomoa na USB, uangalie draiva zimekaa upande gani. EN ya draiva ikae kwenye EN ya Shield. Usifuate kiskrubu cha kurekebishia, maana kwenye draiva aina ya DRV8825 kiko upande wa pili, na draiva ikigeuzwa inaungua mara moja.

Halafu washa, pima Vref (volti inayopanga kikomo cha mkondo wa mota): waya mweusi wa mita kwenye GND, mwekundu juu ya kiskrubu chenyewe. Hesabu yake ni ampea × 8 × ukinzani wa vile vipande viwili vidogo kwenye draiva. Vikiandikwa R100 ni omu 0.1, hivyo ampea 1 ni volti 0.8. Kama huna feni, usivuke hapo. Na tafadhali sana, usichomoe waya wa mota umeme ukiwepo, draiva itakufa.

Mchongambao
EN ni 0.02. Vref zote zilikuwa kati ya 0.06 na 0.09! Nimepandisha hadi 0.8, X na Z zinakwenda safi. Y inanguruma na kutetemeka palepale, mara mbele mara nyuma.

FundiVolti
Hiyo ni waya, jozi zimechanganyika. Zima umeme, chomoa plagi ya Y, pima omu: waya mbili za koili moja husoma omu chache tu, za koili tofauti hazisomi kitu. Usiamini rangi, kila kiwanda kina zake. Kwenye Shield pini mbili za kwanza ni koili moja, mbili za mwisho ni nyingine. Mara nyingi kubadilishana waya mbili za katikati kunatosha. Ikizunguka kinyume, geuza kwa $3, usiguse waya tena.

Mchongambao
Ni za katikati kweli. Y inakwenda. $1 niirudishe 25?

Kilenge_CNC
Iache 255. Mota zitapata joto, lakini ukiirudisha, Z yenye spindo nzito (mota inayozungusha kisu) inaweza kushuka yenyewe ikisimama.