Sindano za wiki sita: waliopitia, tupeane uzoefu

Mzazi mpya, Kiembe Samaki: Assalaam alaykum. Nakaribia kutoka arubaini, na kadi ya mtoto inasema wiki sita arudi kuchanjwa. Bi mkubwa ananambia nijitayarishe kukesha. Wenzangu ilikuwaje?

Mama wa watatu, Wete: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Siku hiyo ndiyo nzito. Paja moja penta, ya maradhi matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na bakteria wa Hib. Paja la pili ile ya nimonia. Mdomoni matone ya polio, na ya kuharisha pia. Wiki ya 10 na ya 14 unarudi tena. Wa kwanza wangu alipiga ukelele kituo kizima kikageuka, nikampa ziwa, kimya. Usiku akachemka. Wa pili hata hakushughulika! Mvalishe nguo ya kuvulika upesi, si zile suruali za kubana za picha.

Baba wa Fuoni: Kwetu kilichotutisha ni ile ya kifua kikuu ya begani, anayochomwa akizaliwa. Wiki kadhaa baadaye kikatoka kipele chenye usaha. Bibi yake keshashika chupa ya mafuta ya karafuu. Daktari wa kliniki akasema msikamue, msipake kitu. Kikakauka chenyewe, kikaacha kovu.

Mkunga mstaafu, Chake Chake: Homa ya siku moja au mbili na paja kuvimba kidogo ni kawaida. Nguo nyepesi, anyonye sana, kitambaa cha maji baridi pale palipovimba. Kukanda na kusugua, hapana. Dawa ya homa muulize aliyemchanja, kipimo kinakwenda kwa uzito wa mtoto. Msikadirie kwa kijiko cha chai. Ila akipata degedege, akipumua kwa shida, akikataa kunyonya, akilia saa tatu hanyamazi au homa ikikataa kushuka, hospitali saa hiyo hiyo. Na degedege msianzie kwa mganga, nawaomba.

Mama wa Nungwi: Msisahau surua na rubela, miezi 9 halafu miezi 18. Hiyo ya 18 wengi wanaiacha, mtoto keshatembea, nani anakumbuka kliniki? Wangu joto na vipele vilikuja kama wiki baada ya sindano, nikadhani kaumwa na kitu.

Mama wa watatu, Wete: Na ukivuka kuja Pemba, kadi iwe mkobani. Wa mwisho wangu alianzia Unguja akamalizia huku. Nilichelewa kidogo, wakaendelea pale alipofikia, hawakuanza upya.

Mzazi mpya, Kiembe Samaki: Ahsanteni. Ana mafua kidogo, niahirishe?

Mkunga mstaafu, Chake Chake: Mafua madogo hayazuii chanjo, mwanangu. Mpeleke, na uwaambie kabla hawajamchoma.