Benki zetu zinasubiri nini kuhusu sarafu za kidijitali?

Mdau wa Kariakoo: Habari za leo, wakuu. Mwaka 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu za kidijitali kama Bitcoin si fedha halali nchini, lakini Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Ikiwa zinatozwa kodi, benki za biashara zinakosa nini hasa ili zizipokee?

Mhasibu wa Posta: Kodi si leseni, ndugu yangu. Kikwazo kikubwa ninachokiona ni mtaji: kwa kanuni za Desemba 2022 za Kamati ya Basel (chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya usimamizi wa benki), Bitcoin hupewa uzito wa hatari, yaani kipimo kinachozidishwa na thamani ya mali kulingana na hatari yake, wa asilimia 1,250, na kwa kuwa kiwango cha chini cha mtaji katika kanuni hizo ni asilimia 8 ya thamani inayopatikana, benki hulazimika kutenga shilingi moja ya mtaji kwa kila shilingi ya sarafu hizo inazomiliki. Nani atakubali biashara hiyo wakati hati fungani za serikali zipo?

Wa Sinza: Sawa mkuu, ila hesabu hiyo inahusu mali ya benki yenyewe. Kuwatunzia wateja ni jambo jingine, nako kunahitajika ulinzi madhubuti wa funguo za siri, yaani namba zinazomwezesha mtu kuhamisha sarafu zake (zikipotea, hakuna ofisi ya kuzitoa upya), pamoja na sheria inayotamka wazi kwamba mali ya mteja haiguswi benki inapofilisika.

Mhasibu wa Posta: Hapo nakubali. Bila sheria hiyo, mwanasheria wa benki hatasaini.