Ushauri: nataka kufunika paa la trela la kulala kwa bati bapa (Arusha)

Baba Trela: Wakuu, salamu. Nina trela la kulala nililoliunda mwenyewe, tunalitumia na mama watoto tukienda Karatu. Paa ni plaiwudi, upana futi 6, urefu futi 10, nililipaka lami. Masika haya nimeamshwa saa nane usiku na tone la maji kwenye paji la uso. Kona ya nyuma imevimba kama andazi. Sasa nataka bati bapa juu. Fundi wangu hapa Unga Limited anasema geji 30 inatosha, apige skrubu juu kote kisha azibe na silikoni. Roho inasita. Mabati niliyoyaona ni futi 4 kwa 8. Nifanyeje?

Mkunja Bati: Roho yako inajua. Kila tundu la juu ni mlango wa maji. Laza mabati kukingama, siyo kwa urefu wa trela. Matatu yanakutosha, na kila moja linavuka paa zima na kubaki futi mbili. Ziada hiyo ikunje ishuke ubavuni inchi tatu tatu, skrubu zipige pale, iliyobaki kata. Kwenye maungio bati la mbele lilalie la nyuma, inchi mbili au zaidi, ili ukiwa barabarani upepo usisukume maji chini yake. Na geji 30 ni nyembamba kuliko 28, namba ikipanda unene unashuka. Chukua 28.

Mama wa Machame: Kaka, kwanza ng'oa hiyo kona iliyovimba. Ukifunika mbao mbichi kwa bati umezika maji, itaoza taratibu huku juu panang'aa. Sisi tulifanya hivyo kwenye banda la kuku, tukaja kubomoa lote.

Dereva Himo: Si utupie turubai tu 😂

Baba Trela: Turubai lilichanika njia ya Natron, mkuu, likabaki linapigapiga kama bendera. @Mkunja Bati, silikoni je?

Mkunja Bati: Ile inayonuka siki usiiguse, asidi yake inakula zinki ya bati. Tumia gundi wanayobandikia vioo vya magari. Inashika na inabaki ikinyumbuka, trela likitikisika haipasuki. Ila jua linaichosha, ipake rangi ikikauka.

Fundi Pasua: Naongezea toka Moshi. Paa tambarare litakusanya maji hata ukiziba vipi. Weka ubao wa inchi mbili katikati kwa urefu wa trela, pande zote ziteremke kidogo. Mwingine atakuja kukuambia alumini. Ni nyepesi kweli, lakini kwenye jua inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na skrubu za chuma zikikaa nayo kwenye unyevu inalika kuzunguka matundu. Kama huna za kufaa, baki na bati la kawaida.

Mama wa Machame: Na juu kule Karatu ni baridi. Mkilala wawili madirisha yamefungwa, asubuhi bati linatoa jasho kwa chini, mtadhani linavuja. Acheni kitundu cha hewa.

Baba Trela: Kumbe! Asanteni sana. Kesho naenda na kipande cha karatasi nimkunjie fundi aone, maana kwa maneno tutagombana. Ubao wa katikati ninao, ulibaki kwenye kitanda cha mtoto.

Dereva Himo: Akimaliza usimruhusu apande juu kupiga picha. Litabonyea.