Niliitwa kutoa maoni ya vijana kuhusu usalama wa chakula, nikafanywa mzungusha kipaza sauti

Mpukuchua Mahindi:
Ndugu zangu, nimeshuka kwenye basi kutoka Dodoma saa moja iliyopita, vumbi bado liko masikioni, na naandika sasa kwa sababu nikilala na jambo hili kifuani nitaamka mgonjwa. Mwenyekiti wa kikao simtaji, kwa kuwa mnamjua nyote: ni yule ambaye hakuna mkutano wa kilimo unaofunguliwa bila yeye kutangaza kwamba vijana ni taifa la kesho, na kesho hiyo ameanza kuitangaza mimi nikiwa bado nanyonya.

Barua ya mwaliko ilisema ninawawakilisha vijana wakulima. Nilikwenda na karatasi moja yenye hoja moja, nayo ni mahindi yanayoharibika baada ya kuvunwa. Sisi tunaolima Kiteto na kuuza Kibaigwa tunaanika juu ya udongo mtupu kwa kukosa turubai, mahindi yanafyonza unyevu, kuvu inaota, na kile kinachosalia kinamalizwa na dumuzi, mdudu anayetoboa punje ghalani. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, iliyokuwa katika mahindi waliyoyalima wenyewe, na Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumu hizohizo. Wanaopukuchua, kuanika na kubeba magunia ni vijana, kwa hiyo niliomba sera ya chakula iandike wazi kwamba kila kijiji kipate turubai za kutosha na kipima unyevu, na vijana wafundishwe kukitumia kabla gunia halijaingia ghalani.

Naam, “niliomba” si neno sahihi, kwani sikuomba chochote. Niliponyoosha mkono, alinitazama, akatabasamu, akasema: “Kijana, wewe una miguu myepesi, hebu tuzungushie kipaza sauti.”

Nilikizungusha kuanzia asubuhi hadi alasiri. Nimetembea ndani ya ukumbi ule umbali wa kutosha kufika Singida na kurudi. Nilimpelekea kila mtu aliyezaliwa kabla ya Uhuru, na mmoja wao alizungumza kwa muda ambao mahindi ya muda mfupi yangeota, yakakomaa na kuvunwa. Kila nilipojaribu kufungua kinywa, mwenyekiti alinielekeza kwa kidole meza inayofuata. Miguu myepesi! Chakula cha taifa kimejadiliwa kutwa nzima, na mchango wa vijana ulikuwa miguu.

Binti wa Ghalani:
Pole sana, kaka. Huyohuyo alikuja kwetu mwaka jana, akawaambia vijana wasimame wapigiwe makofi, tukasimama, tukapigiwa, tukaketi. Baadaye nilisoma taarifa ya kikao, ikasema vijana walishirikishwa kikamilifu.

Jembe Halilali:
Mkuu, samahani, lakini umekaa na kipaza sauti mkononi kutwa nzima, tena kinafanya kazi, ukashindwa kusema sentensi moja? Mtu mwenye njaa hakabidhiwi sufuria akaipeleka kwa jirani.

Mpukuchua Mahindi:
Jembe, mimi nimelelewa nisimkatize mzee anapozungumza, na ukumbi mzima ulikuwa wazee. Kilichoniumiza ni hicho unachonicheka: kilikuwa mkononi mwangu! Nilikuwa nakihisi kikipata joto. Angeniambia niketi nyuma nisingelia, lakini aliniambia nina miguu myepesi.

Mzee Kijana:
Wewe angalau ulikuwa kijana. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inasema kijana ni wa miaka 15 hadi 35, lakini kiti cha vijana katika kamati ya kwetu kinakaliwa na bwana wa miaka 47 mwenye wajukuu wawili.

Asiye na Ekari:
Mnagombania kipaza sauti wakati shida ni ardhi. Kipima unyevu utakipeleka katika shamba la nani? Mimi nakodi kwa msimu. Nikiweka samadi mwaka huu, mwakani mwenye shamba anapandisha kodi kwa sababu udongo umekuwa mzuri. Mashamba ya pamoja ya BBT, mpango wa Serikali wa kuwapa vijana mashamba, yalizinduliwa Chinangali, Dodoma, mwaka 2023, na ni hatua ninayoiheshimu, ila vijana walio nje ya mashamba yale ndio wengi, na sera ikishindwa kutueleza tutalima wapi, hayo mengine ni maneno.

Mkulima wa Kitale:
Poleni majirani. Sisi Kenya, Katiba ya 2010 imeandika katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na cha 55 kwamba Serikali ihakikishe vijana wanashiriki. Juzi niliitwa kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma, nikatia sahihi karatasi ya mahudhurio, nikapewa soda, na mswada ulikuwa umeshapigwa chapa. Halafu mwaka 2024 tukauziwa mbolea feki ndani ya mpango wa ruzuku. Nani alituuliza?

Viazi vya Njombe:
Mbolea mnayo, nyinyi. Njooni muone lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo! Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini dalali anashonea kilemba juu, na kijana asipokubali viazi vinamwozea barabarani. Sera ya chakula isiyogusa kilemba hicho inamlisha dalali.

Mpukuchua Mahindi:
Wakuu, tusihame kwenye hoja. Aliniambia nina miguu myepesi.

Jembe Halilali:
Viazi, lumbesa mnaiendekeza wenyewe, kwa sababu mmoja akikataa, jirani yake anakubali usiku huohuo. Kwetu tulidai mzani, tukaupata.

Viazi vya Njombe:
Mzani uko wapi huo? Kwetu ulikuja, ukafungiwa ofisini, na aliye na ufunguo ni shemeji yake dalali.

Binti wa Ghalani:
Kwetu ndiye dalali mwenyewe.