Mrejesho: Ndege ya gurudumu la mkia na Cessna 182

Wakuu, niliuliza kama leseni yangu ya Marekani ya rubani binafsi, injini moja, inatosha kurusha ndege ya gurudumu la mkia (yenye gurudumu dogo nyuma, chini ya mkia) na pia Cessna 182, ndege ndogo ya injini moja. Leseni haibadiliki wala hakuna mtihani mpya: mwalimu anakufundisha, akiridhika anasaini idhini kwenye logibuku, yaani daftari la rubani la kumbukumbu za safari zake. Sheria haijaweka idadi ya saa. Hiyo 182 ina nguvu za farasi 230, na zikizidi 200 lazima uwe na idhini.

Ya mkia ndiyo kazi hasa! Uzito uko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo ukitua imepinda kidogo tu, mkia unataka kutangulia. Miguu haitulii kwenye pedali mpaka ndege isimame kabisa. Nimeshasainiwa zote mbili. Asanteni sana.