Naomba ushauri: nadharia ya mitandao ya kompyuta naiweza, ila mtandao ukigoma sijui nianzie wapi

Mwanamaabara (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo mwaka wa pili chuoni, nasomea mitandao ya kompyuta. Mitihani ya karatasi hainisumbui. Tabaka saba za OSI (mfano unaogawa kazi za mtandao kwa ngazi) nazitaja kwenda na kurudi, najua anwani ya IPv4 ina biti 32 na ya IPv6 biti 128, sabneti (vigawanyo vya mtandao) nakokotoa kichwani. Tukiingia maabara mambo yanageuka. Mtandao ukigoma najikuta nachapa amri moja baada ya nyingine, na hata ukikubali sielewi ni amri ipi iliyouponya. Fani hii naipenda kwa dhati na nataka niwe mtu wa kutegemewa, siyo mtu wa kuzima na kuwasha.

Mfano ni zoezi tulilopewa wiki hii kwenye Packet Tracer, programu ya kuiga mtandao. Mtandao umeharibiwa makusudi, sisi tueleze umeharibika wapi. Kuna swichi mbili na ruta moja, ruta imechomekwa kwenye swichi ya kwanza. VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile, ni tatu: 10, 20 na 30. Seva ya DHCP, inayogawa anwani kwa kompyuta, iko VLAN 30, hapo hapo swichi ya kwanza, na kompyuta za VLAN 30 zinapata anwani bila shida. Za VLAN 10 na 20 ziko swichi ya pili, na zote zinaishia kupata anwani zinazoanza na 169.254.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Je, nitafute swichi na ruta zilizotumika au programu za kuiga mtandao zinatosha? Cheti cha CCNA (cha mitandao, cha kampuni ya Cisco) nikifanye sasa au nisubiri? Na kubwa kuliko yote, nyinyi mlio kazini mnatafutaje hitilafu? Mnaanzia wapi?

Nawasilisha.

Fundi Kebo

Karibu, mdogo wangu. Anzia chini kabisa, kwenye waya. Vijana wengi wa chuo wanakimbilia kusanidi ruta wakati hawajawahi kubana plagi ya RJ45 ikapita kwenye kipimo.

Jifunze mpangilio wa T568B mpaka vidole viujue: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Usisokotoe nyaya zaidi ya milimita 13 karibu na plagi, kwa sababu ule msokoto ndio unaopunguza mwingiliano kati ya jozi na jozi. Na urefu wa kiungo kizima, pamoja na vipande vya ukutani na mezani, usivuke mita 100.

Kuna jambo ambalo darasani hulisikii sana. Megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, ya machungwa na ya kijani. Gigabiti hutaka zote nne. Jozi ya bluu ikikatika, vifaa vingi hushuka vyenyewe hadi megabiti 100: taa inawaka, ping (ujumbe wa kupima kama kifaa kinafikika) inapita, mtumiaji analalamika tu kwamba mtandao mzito. Hapo utahangaika na ruta hadi kuche. Tazama `show interfaces` usome kasi ya poti na idadi ya makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani. Namba za makosa zikiendelea kupanda, acha usanidi, shika kebo.

Kuhusu vifaa vilivyotumika, jibu langu ni ndiyo. Ukipata swichi mbili za kusanidiwa na waya wa konsoli, umepata shule.

Dada Ruta

Fundi amesema kweli, ila zoezi la mleta uzi liko ndani ya programu na huko hakuna jozi iliyokatika kimyakimya. Turudi kwenye swali lake la tatu, maana ndilo lenye uzito.

Mdogo wangu, wewe unauliza "niandike amri gani?" Badilisha swali. Uliza: pakiti ya kwanza inatoka wapi, inatakiwa ipite wapi, na imeishia wapi? Ukilijibu hilo, amri inajileta yenyewe.

Anza na hiyo 169.254. Haijatoka kwa seva yoyote. Kompyuta ikiomba anwani kwa DHCP isijibiwe, hujipa yenyewe moja kutoka fungu hilo. Kwa hiyo tunajua jambo moja tu: ombi halikufika, au jibu halikurudi. Hatujui zaidi ya hapo, na ni kosa kubwa kudhani VLAN zote mbili zinaumwa ugonjwa mmoja kwa sababu zina homa ileile.

Fanya hivi kabla hujagusa usanidi wowote. Chukua kompyuta moja ya VLAN 10, ipe anwani kwa mkono, kisha piga ping kwenye lango lake, yaani anwani ya ruta upande wa VLAN 10. Fanya hivyohivyo kwa VLAN 20. Ping ikikataa, angalia `arp -a` kama anwani ya MAC ya lango (anwani ya kifaa chenyewe) imeonekana. Leta majibu hapa.

Kinda wa Mtandao

Nafuatilia uzi huu, niko mwaka wa kwanza. Samahani kwa kuchomekea: mnakokotoaje sabneti kichwani? Mimi bado naandika sifuri na moja ukurasa mzima.

Dada Ruta

Kinda, endelea na hizo sifuri na moja mpaka uone kinachotokea, kisha tumia njia ya mkato. Chukua 192.168.10.77/26. Maski ya /26 inaishia na 192. Toa 192 kwenye 256, unabaki na 64. Basi mitandao inaanza 0, 64, 128 na 192. Namba 77 imeangukia kati ya 64 na 128, hivyo mtandao wake ni .64, anwani ya kutangazia wote ni .127, na kompyuta zinapewa .65 hadi .126, jumla 62. Fanya kumi kila siku, haitachukua muda utaizoea.

Mwanamaabara (mleta uzi)

Dada, nimerudi. VLAN 10: ping kwenye lango inapita. VLAN 20: haipiti, na `arp -a` haina kitu.

Sikutegemea zitofautiane kabisa.

Dada Ruta

Vizuri sana. Umeshagawanya tatizo bila kubadilisha hata herufi moja ya usanidi, na hiyo ndiyo kazi yenyewe.

VLAN 10 inafika kwenye ruta. Swichi, tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi) na kiolesura cha ruta vyote vizima. Kilichobaki ni DHCP. Kompyuta isiyo na anwani haimjui seva, kwa hiyo ombi lake la kwanza inalitangaza kwa wote, kwenda 255.255.255.255. Ruta haivushi matangazo ya namna hiyo kutoka VLAN moja kwenda nyingine. Ingekuwa inavusha, kugawa VLAN kusingekuwa na maana. Ndiyo maana VLAN 30 inapata anwani: seva iko ndani ya mtaa wake. Kwa wengine ruta inapaswa kuambiwa ilipokee ombi na kulipeleka kwa seva moja kwa moja, kwa amri ya `ip helper-address` ikifuatwa na anwani ya seva, na amri hiyo unaiweka kwenye kiolesura cha VLAN inayoomba, siyo cha VLAN yenye seva. Ruta inapolipeleka ombi huandika ndani yake anwani ya kiolesura ilipolipokelea. Seva husoma hapo ikajua itoe anwani kutoka fungu lipi.

VLAN 20 ni hadithi nyingine. Kompyuta haipati hata MAC ya lango, maana yake inakwama kabla ya kufika kwenye ruta, kwenye tabaka la pili. Nenda swichi zote mbili, andika `show vlan brief` na `show interfaces trunk`. Nadhani utakuta VLAN 20 haipo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa kupita. Nimeandika nadhani, wewe kathibitishe.

Mwanamaabara (mleta uzi)

Ni kweli! Tranki kati ya swichi mbili inaruhusu 10 na 30 tu. Na kwenye ruta hakuna `ip helper-address` popote. Hitilafu mbili zenye dalili moja. Nataka kuongeza 20 sasa hivi.

Msimamizi wa Zamu

Mkuu, subiri kidogo kabla hujabonyeza.

Kwenye vifaa vya Cisco ukiandika `switchport trunk allowed vlan 20`, hujaongeza 20. Umefuta 10 na 30, ukabaki na 20 peke yake. Inatakiwa neno `add` liwepo: `switchport trunk allowed vlan add 20`. Kwenye zoezi hasara yake ni ndogo. Kwenye mtandao wenye watu kazini, neno hilo moja likikosekana linazima jengo zima, na kama uliingia kwenye swichi hiyo kwa mbali kupitia tranki hiyohiyo, nawe umejifungia nje.

Nalisema kwa sababu vyuo vinafundisha kujenga mtandao na kupita haraka kwenye kuuendesha. Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea duniani kwa takriban saa sita. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata uti wa mgongo wa mtandao wao, na chombo cha kukagua amri za aina hiyo kilikuwa na kasoro kikashindwa kuizuia. Seva zao za DNS (zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) zilipoona hazifikii vituo vya data zikaacha kutangaza njia za kuzifikia kwa BGP, itifaki ambayo mitandao hutangaziana njia, dunia ikashindwa kuzipata. Mafundi nao walichelewa, maana zana zao za ndani zilitegemea mtandao uleule ulioanguka.

Jizoeze mapema tabia hizi. Kabla ya kubadilisha kitu, hifadhi nakala ya usanidi uliopo. Andika unachobadilisha, kwa nini, na utarudije ulikotoka. Ukifanya kazi kwa mbali kwenye ruta ya Cisco, anza na `reload in 10`. Ukijifungia nje, baada ya dakika kumi itajiwasha upya na usanidi wa zamani. Mambo yakiwa sawa unaandika `reload cancel`, na ndipo unahifadhi. Ukihifadhi mapema umeharibu kinga yako. Na mchoro wa mtandao uchore sasa, hata wa zoezi. Mtandao usio na mchoro unatibiwa kwa kubahatisha.

Mlinuksi

Naunga mkono yote isipokuwa kununua vifaa. Swichi za zamani zina kelele, zinakula umeme, na ukishakuwa nazo mbili utataka nne. Kwenye kompyuta yoyote yenye Linux unaweza kutengeneza mitandao midogo iliyotengana kwa `ip netns add`, ukaiunganisha kwa kebo za kufikirika za veth, ukaweka ruta katikati. GNS3, programu nyingine ya kuiga mtandao, nayo ni bure.

Kisha fungua Wireshark, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti, utazame. DHCP uliyoisoma kitabuni ni hatua nne: kompyuta inatafuta, seva inapendekeza, kompyuta inaomba, seva inathibitisha. Ukiziona hatua hizo zikipita mbele ya macho yako, UDP poti 67 na 68, halafu ukaua seva uone ile ya kwanza ikijirudia bila jibu, hutaisahau tena. Kwangu mimi hakuna mwalimu wa mitandao anayeizidi Wireshark.

Fundi Kebo

Mlinuksi, sikatai. Lakini chomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi moja ambayo itifaki ya STP, inayozuia mizunguko kati ya swichi, imezimwa, uone taa zote zinavyowaka kwa pamoja na kompyuta zote kukatika. Fremu ya Ethernet haina kihesabu cha kuifanya ife kama ilivyo TTL kwenye pakiti ya IP, hivyo tangazo moja linazunguka na kuzaliana mpaka swichi inalemewa. Radia Perlman alibuni STP mwaka 1985 kwa ajili ya hilo, na unaielewa vizuri ukishaona balaa ambayo STP inaizuia. Kama chuo kina vifaa, omba saa za ziada maabara, usinunue. Hapo tunakubaliana.

Mwanamaabara (mleta uzi)

Nimeweka `add`, nikaweka `ip helper-address` kwenye VLAN 10 na 20, kompyuta zote zimepata anwani. Na safari hii naweza kueleza kila hatua kwa nini. Asanteni mno.

Limebaki la cheti.

Mkufunzi Mstaafu

Kijana, mimi nimefundisha somo hili muda mrefu, nikujibu hilo.

CCNA tangu Februari 2020 ni mtihani mmoja, 200-301. Robo ya alama ni kuelekeza pakiti kati ya mitandao: njia za kuandika kwa mkono, OSPF (itifaki ya ruta kupeana njia) na kadhalika. Sehemu ya kumi ni otomatiki, kwa hiyo kusoma JSON (muundo wa kuandika data kwa maandishi) hutakukwepa. Cheti hudumu miaka mitatu. Ukikichukua mwaka wa pili, utaingia kutafuta kazi muda wake unayoyoma. Mtaala wake utumie sasa kama ramani ya masomo, mtihani uufanye ukikaribia kuhitimu.

Jambo la kufanya kuanzia kesho ni hili. Tafuta mwenzako mmoja wa darasa. Kila mmoja ajenge mtandao mdogo unaofanya kazi, aharibu kitu kimoja, kisha mbadilishane mafaili. Kabla ya kila amri ya kukagua, andika kwenye daftari unategemea kuona nini. Jibu likitofautiana na ulichoandika, simama hapo hapo mpaka ujue sababu, hata kama mtandao umeshapona. Mkizoea, haribuni vitu viwili kwa wakati mmoja, kama alivyowafanyia mwalimu wenu. Mkikwama leteni `show running-config` na mchoro hapa hapa, tutatazama pamoja.